Alamu inalia ovyo, pikipiki haiwaki

SWALI: Fundi, nimefunga alamu ya dukani kwenye bodaboda yangu, usiku inalia yenyewe, asubuhi rimoti inaitika ila injini haiwaki. Shida nini?

JIBU: Pole ndugu yangu. Anza na betri, maana alamu inakula chaji hata pikipiki ikiwa imezimwa, pima kwa mita, betri nzima iliyotulia inasoma kama volti 12.6, ikishuka chini ya 12 ichaji kwanza. Ikiwa poa fuata waya wa swichi uliokatwa kupitishwa kwenye relei (swichi ndogo ya umeme inayoendeshwa na alamu), mafundi wengi wanausokota tu na selotepu, maji yakiingia unaota kutu, mwambie fundi auchomelee kwa risasi. Chomoa alamu, unganisha ncha mbili za waya huo uliokatwa, ikiwaka ujue shida iko kwenye boksi la alamu au relei yake. Kulia ovyo, punguza ukali wa sensa ya mtikisiko.