Mtandio wako usiupigilie ukutani

Onyesho langu la kwanza Dar es Salaam lilikuwa na mitandio 14 ya hariri niliyoipaka rangi kwa mkono, na picha 9 nilizochonga kwenye lino, ile zulia ngumu ya sakafuni inayochongeka kwa kisu, na kuzichapa, zote za wanawake: mmoja anajifunga kanga kiunoni, mwingine ana mtoto mgongoni, mwingine anasubiri daladala. Mitandio niliivuta ikanyooka, nikaibana ukutani kwa pini pembe zote nne. Akaja mama mmoja mtu mzima, akasimama mbele ya ule wa bluu kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Mwanangu, hiki cha kuvaa au cha kutazama?"

"Cha kuvaa, mama."

"Sasa mbona umekipigilia?"

Usiku ule niliuza picha tatu. Mtandio, hata mmoja.

Ilipasa nijue, maana nimekulia kwenye nyumba ya kanga. Kanga ikitandazwa dukani utaona pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa) kwa mara moja, lakini mwanamke akishajifunga, mji unakunjika, pindo linaning'inia, jina linatembea naye, na hapo ndipo watu wanageuka kulisoma. Mtandio nao ni hivyohivyo.

Kwa hiyo, msanii mwenzangu, tundika mitandio kwenye ufito wa mwanzi uliopigwa msasa vizuri, kitambaa kishuke chenyewe na feni ikitikise. Tenga minne au mitano ya kujaribia, ukijua kabisa itapata poda, mafuta ya nywele na harufu ya udi. Weka kioo kirefu cha kujitazamia, na mtu mwenye mikono mizuri wa kumsaidia mgeni kujitanda. Kwenye onyesho la pili nilifanya hivyo, na karibu wote walionunua ni wale waliokuwa wamejitanda kwanza.

Kabla ya hapo, hakikisha rangi haitoki. Rangi nyingi za hariri hushika kwa kufukizwa mvuke wa maji yanayochemka, na mvuke hautaki haraka. Niliwahi kukatisha kazi kwa sababu umeme ulikuwa unakatika na siku ya onyesho imefika. Mteja akatoka jasho, kola ya blauzi yake nyeupe ikawa zambarau. Nilimrudishia pesa na kumnunulia blauzi, lakini aibu ile ninayo mpaka leo. Siku hizi kila mtandio nalowanisha pembe na kuisugua kwa kitambaa cheupe. Kikipata doa lolote, mtandio hautoki nyumbani.

Picha za lino zinataka kinyume chake: zisiguswe. Ziweke kwenye fremu, na uache nafasi kati ya karatasi na kioo, kwa sababu masika ya pwani yanaleta unyevu, karatasi inanata na kuota kuvu. Dirishani usiweke chochote. Makumbusho mengi huweka nguo na karatasi kwenye mwanga hafifu, takribani lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga), na jua letu halina huruma na rangi.

Wageni watakuuliza pia, "3/20 maana yake nini, hii ni fotokopi?" Usikasirike. Waeleze kwamba umechapa nakala 20 kwa mkono, na hii ni ya tatu. Halafu weka mezani kipande chenyewe cha lino ulichochonga, wapitishe vidole kwenye mifereji yake. Mtu akishakishika hicho, hatamani tena kugusa karatasi, na bei anaielewa bila maneno mengi.

Bei iandike, tafadhali, kwenye kila kazi. Watu wetu wengi wanaona haya kuuliza mbele za wenzao, wanaondoka kimya ukadhani hawakupenda. Na kwenye mfuko wa kila mtandio tia kikaratasi: maji baridi, sabuni laini, anika kivulini, pasi isiyo kali, kwa upande wa ndani.