Maswali na majibu: Serikalini kisichoandikwa hakikutokea

Barua za safari hii nyingi ni za vijana wanaotaka kuingia zimamoto, kadhaa za walio kazini tayari, na moja ya mke wa mzimamoto. Zote za mishahara nimeziweka pembeni. Viwango vya serikali havifichwi, na anayeingia kazi hii kwa ajili ya mshahara hahitaji ushauri wangu, anahitaji kikokotoo.

Nafasi za ajira zinatoka lini?

Zikitoka zitatangazwa, nawe utalisoma tangazo kama wenzako. Swali hili limeletwa tena na tena na sina orodha mfukoni. Nikwambie ambalo hukuuliza: anayekudai kitu kidogo ili jina lako lipite ni tapeli, na kama si tapeli basi ni mla rushwa, na utaanza kazi huku kuna mtu kakushika shati. Badala ya kumtafuta huyo, kagua vyeti vyako usiku huu. Jina lililoandikwa hivi kwenye cheti cha kuzaliwa na vile kwenye cheti cha shule limewaangusha vijana wazuri waliokwisha kushinda mbio na usaili.

Shikamoo. Nina cheti cha uuguzi na naipenda zimamoto. Nikiajiriwa nitatibu au nitazima moto?

Marahaba. Inategemea nchi na jinsi serikali yake ilivyogawa kazi. Uingereza, magari ya wagonjwa yako chini ya huduma ya afya na zimamoto ni idara nyingine kabisa. Japani, ambalansi ni ya zimamoto, na namba ya kupiga ni ileile moja, 119. Marekani zipo idara nyingi ambamo mtu mmoja ndiye anayeshika mpira wa maji asubuhi na kutundika dripu mchana. Ufaransa wazimamoto hubeba wagonjwa wengi, na pale Paris wazimamoto wenyewe ni wanajeshi, tangu Napoleon alipounda kikosi chao mwaka 1811 kufuatia moto ulioua watu kwenye dhifa ya balozi wa Austria mwaka mmoja kabla.

Popote kazi hizi mbili zilipounganishwa, simu za wagonjwa ni nyingi kuliko za moto, tena kwa mbali sana. Kwa hiyo utavaa buti za moto na kushinda zamu nzima ukipima presha, ukimwinua mzee aliyeanguka bafuni, ukimshika mwenye kifafa asigonge kichwa, ukimpokea mtoto ngazini kwa sababu mama yake hakufika hospitali. Uuguzi wako utakufaa kuliko misuli. Kijana aliyevutwa na king'ora peke yake huchoka mapema, kisha huanza kuwajibu wagonjwa vibaya. Hao tunao wa kutosha.

Na ujue kwamba kila mgonjwa ana fomu. Dawa uliyotoa, kiasi, saa, presha ya kwanza na ya pili. Usipoandika, muuguzi wa zamu pale mapokezi hana njia ya kujua kwamba mgonjwa amekwisha kupata morifini, dawa kali ya maumivu, naye atampa nyingine. Kalamu ni kifaa cha kazi sawa na mtungi wa oksijeni. Nimewaona mahodari wa kuweka dripu gizani ambao hawajui kujaza karatasi moja ikaeleweka.

Nina ndevu. Lazima ninyoe?

Nyoa. Kinyago cha hewa hakikai sawasawa juu ya ndevu, na palipo na upenyo moshi unaingia. Kama unafuga kwa ajili ya dini, lizungumze na mwajiri kabla ya kusaini mkataba, usingoje siku ya moto.

Moto ukishazimwa tunavua vinyago tunapopekua majivu, kwa sababu moshi unakuwa umekwisha. Mkuu wetu naye anavua. Kuna ubaya gani?

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja, kwa hiyo samahani kwa urefu.

Moshi unaouona umekwisha. Usiouona upo. Magodoro, mazulia na plastiki hutoa hewa za sumu muda mrefu baada ya mwali kuzimika, ikiwamo saianidi, na ukichokonoa majivu unaziamsha. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, kundi lenye tumbaku na asbesto. Kabla ya hapo, tangu 2007, iliwekwa kwenye kundi la "huenda". Wataalamu waliona ushahidi wa kutosha kwa saratani ya kibofu na ile ya utando wa mapafu inayoitwa mesothelioma. Mkuu wako alianza kazi enzi za "huenda" na bado anaishi humo.

Sumu haipitii puani tu. Mwangalie mwenzako akivua kofia na kitambaa cha kichwa baada ya moto wa chumbani: uso aliouficha kinyago ni msafi, kisha kuna mstari mweusi unaopita chini ya taya, nyuma ya masikio, hadi ukosini. Ngozi ya pale ni laini, ina jasho na joto, na masizi yanaingia. Uifute papo hapo, pale pale kwenye tukio, kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Koti na suruali visuguliwe na kumwagiwa maji kabla hujapanda gari, vifungwe kwenye mfuko, visikae nawe kwenye kabini. Ukifika kituoni ukaoge, usingoje saa moja. Nguo za moto hazifuliwi nyumbani pamoja na nguo za watoto. Kuna askari wanaotembea na koti jeusi kwa masizi wakijiona wakongwe. Koti lile ni uchafu wenye sumu, halina heshima yoyote ndani yake.

Sasa sehemu ya serikali. Saratani hizi huchukua miaka mingi kujitokeza, nyingine huja baada ya kustaafu. Katika majimbo mengi ya Marekani na Kanada sheria inachukulia kwamba mzimamoto aliyepata saratani fulani ameipata kazini, na anayepinga ndiye athibitishe. Mahali pasipo na sheria kama hiyo, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Utathibitisha kwa nini? Mkuu wako atakuwa amestaafu, wenzako watakuwa wamehamishwa, jengo lenyewe litakuwa limejengwa upya. Utabaki na karatasi au na mikono mitupu. Kila moto andika tarehe, mahali, kilichoungua, ulikaa ndani muda gani, ulivaa kinyago au hapana. Liandike kwenye daftari la kituo na kwenye daftari lako, na usiliache lako kituoni. Ukiumia mgongo ukinyanyua machela, jaza fomu ya kuumia siku hiyohiyo, hata kama unacheka na wenzako. Mgongo wa leo ndio unaokulaza baada ya miaka 10, na ofisi ya fidia itataka karatasi ya leo.

Mtungi wa hewa ulioandikwa dakika 45 unanitosha dakika 20. Ni mbovu?

Mtungi ni mzima. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi shinikizo la ba 300 una hewa karibu lita 2,000. Waliokadiria dakika 45 walimchukulia mtu anayevuta lita 40 hivi kwa dakika. Wewe ukipanda ngazi na mpira wa maji begani unavuta maradufu ya hizo. Tena hupaswi kuumaliza: filimbi ya kuonya kwamba hewa inakwisha ikilia uwe umeshatoka nje, kwa maana hewa iliyobaki ni ya kukuokoa ukipotea njia. Kanyaga ngazi ukiwa na mzigo kila wiki. Marekani, kwa miaka mingi, moyo kusimama ghafla ndio umekuwa mstari wa mbele kuua wazimamoto kazini, kuliko kuungua.

Tukifika watu wanatuzomea kwamba gari limekuja bila maji. Tuwajibu nini?

Msiwajibu, zimeni moto. Ila wanaosoma hapa wapige hesabu wenyewe. Gari lenye tangi la lita 2,000, likitoa lita 400 kwa dakika kwa mpira mmoja, linakauka kwa dakika 5. Fungua mipira miwili, ni dakika mbili na nusu. Gari lilikuja na maji, yamekwisha mbele ya macho yenu, na sasa linatafuta koki ya barabarani ambayo mtu ameegesha gari juu yake. Kabla ya hapo watu walipiga picha kwanza na simu ya dharura baadaye.

Hilo haliwasafishi wakubwa wanaoruhusu gari moja litoke peke yake bila boza nyuma. Kwa hiyo wewe askari hakikisha nyakati tatu zimeandikwa: simu ilipoingia, gari lilipotoka, gari lilipofika. Tume ya uchunguzi ikikaa, haitasikiliza uchungu wako. Itauliza nyakati hizo.

Mgonjwa aliyetolewa kwenye moshi, kimashine cha kidole cha kupima oksijeni kwenye damu kinasoma 99 lakini kichwa kinamuuma na anatapika. Nimwache aende nyumbani?

Hapana! Kimashine cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi, hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi. Zote mbili kinaziona nyekundu, kinasoma 99, huku ubongo unakosa hewa. Mpe oksijeni nyingi kwa kinyago chenye mfuko, na umpeleke hospitali hata namba ziwe nzuri namna gani. Bila oksijeni ya ziada sumu hiyo hupungua nusu kwa muda wa saa 4 au 5. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu au chini yake. Mjamzito asiachwe kabisa, maana mtoto tumboni huathirika kuliko mama.

La nyongeza: ukiitwa nyumba moja ukakuta watu watatu wote wanaumwa kichwa na kizunguzungu, usianze kuuliza wamekula nini. Watoe nje wote na wewe utoke. Kisha ndipo utafute jenereta au jiko la mkaa lililokuwa likiwaka ndani.

Ndugu wa mgonjwa wamekataa tusimpeleke hospitali. Tufanyeje?

Ndugu si mgonjwa. Muulize mwenyewe, akiwa na akili timamu na akaelewa hatari uliyomweleza, ana haki ya kukataa, asaini na shahidi asaini. Akiwa amelewa, amechanganyikiwa au sukari imeshuka, sahihi yake haina maana. Piga simu kwa msimamizi wako wa zamu na uandike umempigia saa ngapi.

Mume wangu ni mzimamoto. Siku hizi akirudi zamu hasemi, anakaa sebuleni na taa imezimwa, usingizi hana. Nikimuuliza anasema amechoka tu. Nimemkosea?

Dada, hujamkosea. Mara nyingi hivyo ndivyo inavyokuwa baada ya tukio la mtoto, au la mtu anayemfahamu, au matukio mengi madogo yaliyorundikana. Usimlazimishe kusimulia. Kaa karibu, mwache ale, mwache alale mchana akiweza, na watoto wasimrukie mlangoni siku hiyo. Lakini ikipita mwezi hali ni ileile, akiota ndoto za kazini, akikasirika kwa vitu vidogo au akianza kuinamia chupa, huo sasa ni ugonjwa na una matibabu. Akamwone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Ukimsikia anasema hataki kuishi, usingoje hata siku moja, mpeleke hospitali na usimwache peke yake.

Nawasema na wakuu wa vituo, kwa kuwa najua mnasoma. Ile desturi ya kumcheka askari aliyelia baada ya kubeba maiti ya mtoto iacheni. Mnamfundisha kunyamaza, na mnayemnyamazisha kituoni ndiye huyu anayekaa gizani kwake. Na hili nalo lina fomu: tukio zito liingizwe kwenye jalada la askari kama jeraha la kazini, kwa sababu akija kuhitaji matibabu au kubadilishiwa kazi, atakutana na yaleyale ya mwenye mgongo.

Mgonjwa tuliyemwokoa amenitumia pesa ya asante. Nipokee?

Rudisha. Mwambie aandike barua ya shukrani kwa mkuu wa kituo, itakaa kwenye jalada lako na wakati wa kupanda cheo itasomwa.

Naruhusiwa kupiga picha za ajali kwa simu yangu? Ni za kujifunzia tu.

Hapana. Za kujifunzia hupigwa na aliyetumwa, kwa kamera ya ofisi, na huhifadhiwa ofisini. Za simu yako zitafika kwenye kundi la familia kabla hujafika kituoni, na kuna mama atakayemtambua mwanawe kwa viatu kabla hajaambiwa na mtu. Watu wamefukuzwa kazi kwa hilo, na sikuwasikitikia.