Ofa, nyongeza na gunia la Kibaigwa: ninavyobana matumizi hapa Dodoma

Mwisho wa mwezi, watu wakishapata mishahara, simu haitulii. Meseji moja inasema punguzo la nusu bei, nyingine nunua mbili upate moja, ya tatu lipa kwa simu urudishiwe fedha. Sizichukii hata kidogo. Ila nazisoma nikiwa na orodha yangu ya mahitaji mkononi. Kilichoandikwa kwenye orodha kikipata ofa, nashukuru na nanunua. Kisichoandikwa, hata wakikitoa kwa robo ya bei, si changu, maana hiyo robo yenyewe inatoka kwenye fedha ya unga.

Wenzetu wa Marekani wana historia ndefu ya kuponi. Coca-Cola ilikuwa inagawa vikaratasi vya kunywea glasi moja ya bure tangu miaka ya 1880. Wana pia mtindo wa kununua kitu kwa bei kamili, halafu unatuma risiti na fomu ndipo urudishiwe kiasi fulani. Kampuni inajua fika kwamba wengine watasahau kutuma, na hesabu yake imeshapigwa hivyo.

Huku kwetu kuponi za kukata gazetini hatuna, lakini ujanja ni ule ule. Ukiahidiwa kurudishiwa fedha, uliza mambo matatu kabla hujafungua pochi: lazima ninunue kuanzia shilingi ngapi, mwisho lini, na inarudi kama nini. Fedha taslimu kwenye akaunti ya simu ni fedha. Pointi zinazokwisha muda kabla hujazitumia, au bando la saa nane usiku, mimi siziingizi kwenye hesabu. Nani yuko macho saa nane za usiku akiangalia video?

Kwenye simu kuna akiba nyingine ambayo watu wanaipita kila siku. Ukimtumia muuzaji fedha kwenye namba yake ya kawaida, atakwambia, “Weka na ya kutolea.” Hapo umeshakatwa ya kutuma, sasa unamlipia na ya kutoa. Muulize kama ana lipa namba. Mara nyingi mteja anayelipa kwa njia hiyo hakatwi kitu, na mwenye duka hana sababu ya kudai ya kutolea. Ni shilingi mia chache kwa mara moja, lakini hesabu mara unazolipa kwa mwezi mzima.

Supamaketi nako kuna mtego wa kifungashio kikubwa. Tumezoea kuamini kwamba kikubwa ndicho nafuu. Tuseme mafuta ya lita moja ni shilingi 6,500 na dumu la lita tano, lenye stika nyekundu ya OFA, ni 33,000. Gawanya kwa tano: unalipa 6,600 kwa lita. Ofa imekula mia moja yako kwa kila lita, na umebeba mzigo juu. Kikokotoo kiko kwenye simu, kitumie hapo hapo mbele ya rafu, usione aibu.

Sasa tuje sokoni. Pale Majengo, muuzaji wa mboga akishakutajia bei, mara nyingi hashuki sana, hasa asubuhi. Lakini ana mlango mwingine.

“Dada, bei ya mwisho hiyo?”

“Mama, hapo hapashuki. Chukua, nitakuongezea.”

Hiyo nyongeza ndiyo kuponi yetu, na haina karatasi. Kitunguu kimoja juu ya fungu, nyanya mbili zilizolainika kidogo ambazo usiku huo huo zinaingia kwenye mchuzi, kiganja cha dagaa juu ya kipimo. Anayeipata zaidi ni mteja wa kudumu. Ndiyo maana nina mtu wangu wa nyanya, mtu wangu wa viazi na mtu wangu wa maharage, na sizunguki soko zima kutafuta tofauti ya shilingi hamsini. Wanaoniona kila wiki ndio wananiambia, “Mama, leo usichukue nyingi, kesho mzigo unashuka.” Taarifa hiyo ina thamani kuliko punguzo.

Ukinunua kwa sado, usiangalie juu tu kama imejaa kilima. Igeuze uone kitako. Sado iliyopashwa moto ikasukumwa kwa ndani inakupunja kila inapojazwa, na kile kilima cha juu kinakufanya uone umependelewa. Nikikuta kitako kimevimba kwenda ndani, naomba tutumie mizani. Muuzaji akikataa mizani, naaga kwa heshima.

Lakini akiba kubwa kuliko zote hapa kanda ya kati iko kwenye msimu. Mvua yetu ni ya mara moja kwa mwaka, inaanza kama Desemba na kuishia Aprili hivi. Mahindi yanaanza kuingia sokoni kwa wingi kuanzia Juni, na bei inakuwa chini. Ikifika Januari na Februari, akiba za nyumbani zimekwisha na wakulima wenyewe wamekuwa wanunuzi, bei inapanda. Anayenunua kilo mbili mbili za unga mwaka mzima anazilipia zote hizo za kupanda.

Sisi majirani tunachanga. Kila mmoja anataja magunia anayotaka, mtu mmoja anayejua mahindi anakwenda Kibaigwa, kwenye soko la nafaka lililo kando ya barabara ya Morogoro, na mzigo unarudi kwa gari moja. Gharama ya gari inagawanywa kwa gunia. Kabla ya kukubali nafuu, piga hesabu nzima: bei ya gunia, usafiri, ushuru, mfuko wa kuhifadhia. Gawa kwa debe sita za gunia, kisha linganisha na debe la dukani mtaani kwako. Kama tofauti ni ndogo, nunua mtaani, usijisumbue.

Mjumbe wetu hanunui kwa macho. Anang'ata punje: ikivunjika kwa mlio ni kavu, ikibonyea bado mbichi. Akiwa na mashaka anachukua chupa ya maji iliyokauka kabisa, anatia mahindi kidogo na chumvi kavu, anatikisa na kuiacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu, hayabebwi hata yakiuzwa bei ya kutupa. Hili si suala la fedha peke yake. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo inatokana na kuvu, na kupika hakuiondoi.

Ukishayaleta nyumbani, adui ni dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, yule wengine wanamwita Scania. Gunia la kawaida halimzuii. Mimi natumia mifuko ya PICS, yenye tabaka tatu, inayofungwa hewa isiingie, na haihitaji dawa. Bei yake iko juu ya kiroba cha kawaida, lakini ukiufunga vizuri na panya asiutoboe, unautumia tena msimu unaofuata.

Neno moja kuhusu risiti. Kuna muuzaji atakwambia, “Bila risiti nakupunguzia.” Kwenye pasi, jiko la gesi au simu, sikubali. Siku kitu kikiharibika ndani ya muda wa waranti, hiyo risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndiyo itakayonisemea dukani.

Na kama unapenda ofa za kweli, subiri maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni. Siku za mwanzo za Agosti watu wanaangalia mifugo na matrekta, bei bado zimesimama. Nenda tarehe 8 jioni. Aliyeleta alizeti, asali au mchele kutoka mbali hataki kulipia tena gari la kurudisha mzigo, na hapo mnaongea vizuri. Beba dumu lako safi na fedha ndogo ndogo, kwa sababu chenji jioni hiyo ni ya kutafuta.