Msafiri Anauliza: Foleni ya haraka eapoti za Marekani, majina yetu matatu na unga wa mama

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani wanaopanda ndege kila mara, na karibu wote wanauliza kuhusu ile foleni fupi ya ukaguzi, nani anapita, anapitaje, na kwanini mtu ameshalipa hela yake na bado anarudishwa foleni ndefu. Nimechagua tano.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni nesi wa mikataba, naishi Houston ila kazini napelekwa popote, wiki hii Phoenix wiki ijayo Denver, mwezi hauishi sijapanda ndege mara nne. Nikifika ukaguzi nasimama foleni ya kawaida, natoa laptop, natoa mafuta yangu ya ngozi, huku wengine wanakatiza upande wa pili na mabegi yao hayajafunguliwa kabisa. Nina grini kadi, pasipoti bado ya Tanzania, na nyumbani naenda kila Disemba. Naruhusiwa au mpaka niwe raia? Na hizi PreCheck, Global Entry na CLEAR ni kitu kimoja?
Nesi wa Houston

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Unaruhusiwa, grini kadi inatosha, wala usisubiri uraia, na inaniuma kweli kila nikikutana na mtu mwenye grini kadi ya miaka nane bado anaamini hiki kitu ni cha wenye pasipoti ya bluu tu.

Sio kitu kimoja. TSA PreCheck ni ya TSA, wale wanaokagua mabegi na miili kabla hujaingia kwenye geti, na ilianza 2011. Ukiwa nayo laptop inabaki ndani ya begi, vichupa vyako vya mafuta vinabaki ndani ya begi (ila kile kipimo cha mililita 100 kwa kichupa kiko palepale), mkanda huvui, koti jepesi huvui. Zamani watu walikuwa wanailipia sababu ya viatu, lakini tangu Julai 2025 TSA wameacha kumvulisha viatu kila mtu, kwahiyo hapo hakuna tofauti kubwa tena, unacholipia sasa ni ufupi wa foleni na kutofungua begi. TSA wenyewe wanasema asilimia 99 ya wenye PreCheck wanasubiri chini ya dakika 10. Ada ni dola 80 hivi, inapanda au kushuka kidogo kutegemea umejiandikisha kwa kampuni ipi, na ni ya miaka mitano.

Global Entry ni ya watu wengine kabisa, uhamiaji na forodha, yaani pale unaposhuka kutoka nje ya Marekani. Hapa ndo wengi wanachanganya, ukaguzi wa usalama ni wakati unaondoka na uhamiaji ni wakati unaingia. Sasa uzuri wake ni kwamba ukipata Global Entry, PreCheck inakuja humohumo bila kulipa tena. Ada ni dola 120 tangu Oktoba 2024, nayo ni ya miaka mitano, ukigawa ni dola 24 kwa mwaka, na kwa mtu kama wewe anayepanda ndege za ndani mara nne kwa mwezi alafu Disemba anarudi kutoka Dar amechoka na mabegi mawili, mimi nakwambia chukua Global Entry. Kabla hujalipa angalia kwanza kadi yako ya benki ya mkopo, kadi nyingi za wasafiri zinarudisha hiyo ada yote na watu hawajui.

Ina usaili, hilo lisikutishe. Unajaza fomu, wakishakupa kibali cha awali unaenda kuonana na afisa, unachukuliwa alama za vidole, unaonyesha pasipoti na grini kadi. Sehemu nyingine nafasi za usaili zinachelewa sana, ila kuna njia ambayo wanaokwenda nyumbani wanaifaidi: ukiwa na kibali cha awali tayari, unaweza kufanya usaili palepale unaposhuka kutoka nje kwenye eapoti nyingi kubwa, bila miadi. Kwahiyo jaza fomu mapema, nenda zako nyumbani Disemba, ukirudi unamalizana nao hapohapo.

CLEAR ni kampuni binafsi. Wanasoma macho, uso au vidole vyako ili uruke ile foleni ya kuonyesha kitambulisho, basi, ukishavuka hapo kama huna PreCheck unaenda kufungua begi na kutoa laptop kama kawaida. Inalipiwa kila mwaka na ni ghali kuliko Global Entry ya miaka mitano. Kwa mshahara unaoutafuta kwa zamu za usiku mimi nisingekushauri.

Jambo moja zaidi na nalisema kwa uchungu maana watu wameliwa hela: kuna tovuti za uongo zinazofanana na za serikali. Anwani iishie na .gov. Kwa PreCheck ya mara ya kwanza hulipi mtandaoni, unalipa siku unapoenda kuchukuliwa vidole, kwahiyo tovuti ikikuomba namba ya kadi kabla hujaonana na mtu yeyote, ifunge. Global Entry ndo inalipwa mtandaoni, ila ndani ya tovuti ya serikali tu.

SWALI: Dada habari. Nina PreCheck tangu mwaka jana na namba ninayo, lakini safari tatu mfululizo bodingi pasi imetoka bila ile alama ya PreCheck na nikarudishwa foleni ya kawaida nikiwa na watoto watatu, wa miaka 5, 9 na 14. Tiketi huwa ananikatia shemeji yangu. Nimelipia bure?
Mama Watatu, Minneapolis

JIBU: Pole sana mama, kuburuza watoto watatu kwenye ile foleni sio mchezo. Hujalipia bure, na nina karibu uhakika shida iko kwenye jina.

Mambo yanavyokwenda ni hivi, tiketi ikikatwa shirika la ndege linatuma kwa TSA jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na ile namba yako ya msafiri (KTN) kama imeandikwa. Kompyuta inalinganisha na ulichojaza siku ya kujiandikisha. Vikifanana alama inatokea, visipofanana haitokei, na dada wa kaunta hawezi kuichapa kwa huruma. Uamuzi wote umeshafanyika kabla hujatoka nyumbani.

Na sisi majina yetu yanatuponza. Mtu ana jina lake, la baba na la babu. Kwenye fomu ya Marekani la babu limegeuka la ukoo, la baba limekaa katikati. Nyumbani wote wanamjua kwa jina lake na la baba, basi shemeji akikata tiketi anaandika hayo mawili, yaani la katikati limekuwa la mwisho na la mwisho limepotea. Kwa kompyuta huyo ni mtu mwingine. Au mama ameolewa, kwenye grini kadi ana jina la mume, ila akaunti yake ya maili za ndege aliifungua zamani kwa jina la baba yake. Wale wenye majina ya Ng' msiogope, mifumo ya tiketi huwa inakiondoa tu kile kialama cha juu, angalieni herufi zenyewe zisirukwe.

Yamenikuta na mimi. Nilikatiwa tiketi ya kikazi kwenda Seattle na ofisi moja ya tiketi, wakaliacha jina langu la kati na namba ya KTN hawakuandika kabisa, na mimi sikuangalia mpaka niko eapoti asubuhi saa kumi na moja, nikapanga foleni ndefu mpaka nikasikia ndege yangu inaitwa. Tangu siku hiyo tiketi ikiingia kwenye simu kitu cha kwanza nasoma jina herufi kwa herufi na kitako, sisomi huku natembea.

Kwahiyo fanya hivi, chukua kitambulisho ulichojiandikishia PreCheck, mtumie shemeji picha ya jina na KTN, mwambie aandike vilevile hata kama anaona refu. Bora zaidi fungua akaunti kwenye shirika unalolitumia sana uhifadhi KTN humo, ila hata hapo hakikisha imeingia kwenye tiketi maana ikikatwa kupitia mtu wa kati mara nyingi namba haihamii yenyewe. Ukigundua imekosekana piga simu kabla ya kucheki-in. Ukiwa umeshacheki-in waombe kaunta waiweke alafu wakutolee bodingi pasi upya, ile ya zamani haitabadilika. Hakikisha pia shirika lenyewe limo, mengi yamo, zaidi ya 90, ila sio yote. Na hata kila kitu kikiwa sawa kuna siku alama haitatokea tu, TSA wanaweka bahati nasibu kidogo makusudi.

Watoto: wa 5 na wa 9 wanapita na wewe bila namba yao, ni ruhusa kwa wote wa miaka 12 kwenda chini. Huyo wa 14 anapita na wewe kama mko kwenye tiketi moja na alama imetokea kwenye bodingi pasi yake. Usimkatie peke yake.

SWALI: Mimi ni Mkenya, niko Marekani kwa viza ya kazi ya H-1B, nasafiri sana kikazi. Naweza kupata? Na hii kitu inafanya kazi JKIA?
Injinia, Atlanta

JIBU: Hapana kwa yote mawili, ndugu yangu, samahani. PreCheck ni ya raia na wenye grini kadi. Global Entry inapokea pia raia wa nchi chache zilizokubaliana na Marekani, kama Uingereza, Ujerumani, India, na kwa upande wa Ghuba kuna Bahrain, lakini Kenya na Tanzania hazimo, kwahiyo kama una pasipoti ya pili ya nchi mojawapo ya hizo ndo mlango wako. Na wapo Wakenya wengi waliojiunga na jeshi la Marekani, hao namba yao ya kitambulisho cha jeshi ndo KTN bure, wengi hawaijazi.

JKIA haipo, Dar haipo, ni kwa eapoti za Marekani. Pale Nairobi utashuka kwenye gari kule barabarani ukaguliwe kama kila mtu.

SWALI: Assalaam alaykum dada. Naitwa Mohamed na jina la ukoo ni Ali. Mara nyingi bodingi pasi yangu inatoka imeandikwa SSSS, navutwa pembeni, begi linapekuliwa kitu kimoja kimoja mbele ya watu, mara mbili nimekosa ndege. Mimi ni raia wa hapa, naendesha lori, sina kesi yoyote. Nikinunua PreCheck itaniondolea hii?
Dereva, Columbus

JIBU: Wa alaykum salaam kaka. Barua yako nimeisoma mara mbili na imenigusa, maana najua hujafanya kosa lolote zaidi ya kupewa jina zuri linalobebwa na maelfu ya watu duniani.

Usinunue PreCheck kwanza. SSSS maana yake umechaguliwa kwa ukaguzi wa ziada, na siku imetokea, KTN haisaidii. Inaweza kumtokea mtu yeyote kwa bahati nasibu, lakini ikirudi mara kwa mara kwa mtu mmoja mara nyingi ni jina lake kufanana na jina la mtu mwingine kwenye orodha zao. Dawa yake inaitwa DHS TRIP, ipo tangu 2007, na ni bure. Unajaza malalamiko mtandaoni kwenye tovuti ya wizara yao ya usalama wa ndani, unaambatanisha kitambulisho, unaeleza safari zilizokukuta. Tunza zile bodingi pasi zenye SSSS, piga picha, andika tarehe. Ukimaliza unapewa namba inayoitwa Redress, tofauti kabisa na KTN, ina sehemu yake kwenye fomu ya tiketi na unaiandika kila safari. Inawasaidia kukutenganisha na yule mwingine.

Siwezi kukuahidi kwamba haitatokea tena hata siku moja. Ikitokea, jua hutaweza kutoa bodingi pasi kwenye simu, lazima uende kaunta, kwahiyo hiyo ndo ishara yako ya mapema: ukijaribu kucheki-in nyumbani ikakataa, ongeza saa nzima. Simu na laptop viwe na chaji maana wanaweza kukutaka uviwashe. Ukishapata Redress na safari zikatulia, hapo sasa jiunge PreCheck.

SWALI: Dada, nina Global Entry. Nikirudi kutoka Tanga mama atanifungashia: dagaa, unga wa muhogo, embe, na nyama kavu. Kuna shida?
Kijana wa Tanga, Maryland

JIBU: Ipo kubwa. Global Entry wameitoa kwa kukuamini, ukikutwa na chakula ambacho hukukitaja wanaifuta na faini juu. Nyama iache, hata ikiwa kavu, na embe ziache. Dagaa na unga vitaje, ukishuka tu mwambie afisa nina chakula kabla hajakuuliza. Unga weka kwenye begi kubwa la kupakia, usibebe mkononi, maana kwa ndege za kwenda Marekani kitu chochote cha ungaunga kinachozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi kinaweza kuzuiliwa wakipekue. Na mwombe mama aandike kwa kalamu juu ya kila mfuko ni nini kimo ndani, kwa herufi kubwa.