Mkuu, CPU VP 24 kwenye viini 8? Usithubutu!

Mkuu, usiguse onconfig (faili la mipangilio ya Informix) kwanza. Umesema hifadhidata yako ya Informix 14.10 iko kwenye Linux yenye viini 8, ripoti za mwisho wa mwezi zinakwama, na mshauri amekwambia uandike VPCLASS cpu,num=24 (yaani CPU VP, vichakataji pepe vya Informix, ziwe 24) kisha uwashe seva upya. Ukauliza pia AIO VP (zile za kusoma na kuandika diski) ziwe ngapi, na grafu za ufuatiliaji utazichoraje. AIO na grafu tuziache kwanza. Hiyo 24 ndiyo itakayokuliza.

Washauri wa namna hiyo nawajua. Akishakula posho, dawa yake kwa kila ugonjwa ni "ongeza". Nami niliuziwa dawa hiyohiyo kwa bei ya bodaboda mpya, kwa hiyo nikifoka mnivumilie. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kila CPU VP kwenye Linux ni mchakato wa oninit, na ndani yake Informix yenyewe ndiyo inayozipa zamu thredi (vijikazi vya ndani ya seva). Kerneli, yaani sehemu ya Linux inayogawa CPU, haijui lolote kuhusu mpango huo. Ukiwa na michakato 24 inayogombea viini 8, kerneli inaweza kuisimamisha VP yoyote, hata ile iliyoshika kufuli la kumbukumbu ambalo wenzake wanalisubiri. Ni jiko lenye wapishi 24 na mafiga ya wanane, halafu anayetolewa nje ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya unga. Waliobaki wanazunguka palepale wakiulizia kufuli, na kuzunguka huko kunakula CPU. Ukifungua top unaona 100%, kazi haisogei, na bosi anasema "si unaona, CPU hazitoshi, ongeza nyingine". Mnaongeza, mambo yanazidi kuharibika.

Ushahidi uko kwenye amri ya onstat -g glo, jedwali la chini linaloonyesha VP mojamoja. Tazama safu ya Eff: ni muda wa CPU ambao VP imepata kweli, ukigawanywa kwa muda ambao thredi zilikuwa juu yake. Ikiwa karibu na 100%, VP inapewa CPU kila inapoihitaji. Ikiwa 50 au 60, inasukumana na wengine mlangoni kwa kerneli, na kuongeza VP hapo ni kuongeza wasukumaji. Angalizo: hizo namba zinajilimbikiza, kwa hiyo chukua vipimo viwili wakati wa kazi nzito, utoe safu ya total ya kwanza kutoka ya pili, na Thread vivyo hivyo, ndipo ugawanye. Kisha onstat -g spi, inayoonyesha VP zinavyozunguka zikisubiri kufuli. Avg Loop/Wait ikipanda baada ya kuongeza VP, huhitaji mshauri.

Kanuni yangu ni moja: CPU VP zisizidi viini halisi, basi. Kwa 8 anza na 7, kimoja kibaki kwa mfumo endeshi. Vile vya hyperthreading usivihesabu.

Na hata chini ya kiwango hicho usiongeze kwa hisia. Endesha onstat -g rea -r 5 (foleni ya thredi zinazongoja CPU VP, kila sekunde 5) wakati ripoti zinakimbia. Thredi zikiwa zimejipanga humo kila mara, Eff iko juu, na vmstat bado inaonyesha id (CPU isiyo na kazi) ya kutosha, ongeza MOJA: onmode -p +1 cpu. Hakuna cha kuwasha upya (huyo mshauri hata hilo halijui!), ila hakikisha SINGLE_CPU_VP ni 0. Subiri kipindi kizima cha kazi nzito kipite. Haikusaidia? onmode -p -1 cpu. VP yenye thredi ya poll (inayopokea maombi ya wateja) itakataa kuondoka, iache. Ikisaidia, andika namba mpya kwenye VPCLASS, maana ya onmode hufutika seva ikizimwa.

Foleni ya rea ikiwa tupu, shida yako si uhaba wa CPU VP. Tazama onstat -g wai uone thredi zinasubiri nini, na uulize UPDATE STATISTICS (amri ya kusasisha takwimu za majedwali) ilifanyika lini mara ya mwisho kwenye majedwali ya ripoti hizo. Kama seva ni mashine pepe, angalia pia st kwenye vmstat, yaani muda wa CPU ulionyimwa na mashine mama. Ikiwa juu, mashine mama imegawa viini ambavyo haina, na onconfig haitibu hilo.

Weka hapa matokeo mawili ya onstat -g glo ya saa ya kazi nzito pamoja na vmstat 5. Hiyo 24 ifute leo.