Asidi amino: anza na sahani, kopo baadaye

Muulize muuzaji wa virutubisho "nichukue ipi?" na mara nyingi mkono wake utaenda kwenye kopo la BCAA, unga wa asidi amino tatu unaouzwa kwa wajenga misuli. Linauzika: rangi inapendeza, ladha ni ya tikiti maji, na mteja ameshaliona jimu mikononi mwa mwenye kifua kipana. Kwa wanunuzi wengi, hilo ndilo kopo la kwanza la kuliacha rafuni.

Sababu ni hii. Mwili hujenga protini kwa asidi amino 20. Kati ya hizo, 9 hauwezi kuzitengeneza, lazima ziingie kwa mdomo: histidini, isoleusini, leusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. BCAA ni 3 tu kati ya hizo: leusini, isoleusini na valini. Ni kweli leusini ndiyo inayoamsha ujenzi wa msuli. Lakini kumwamsha fundi alfajiri wakati tofali hazijafika saiti hakuinui ukuta. Zile 6 zilizobaki zikikosekana kwenye chakula, mwili huzichota kwa kubomoa protini zake wenyewe. Na kama unakula protini ya kutosha, BCAA unazo tayari: gramu 25 za protini ya maziwa zina leusini ya karibu gramu 2.5.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, hesabu sahani yako kwa siku 3 za kawaida. Siku ya harusi usiihesabu. Mtu mzima asiye na mazoezi mazito anahitaji protini ya gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Mnyanyua vyuma anahitaji karibu 1.6, na aliyevuka miaka 65 ni 1.0 hadi 1.2. Mtu wa kilo 70 anayenyanyua vyuma, basi, anatafuta gramu 112 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15, minofu ya kuku iliyopikwa, gramu 100, ina 30. Dagaa wakavu gramu 30 wanakupa zaidi ya 15, na ni wachache sana kwenye orodha hii wanaoweza kushindana nao kwa bei.

Angalia pia chakula kipi kinaliwa na kipi. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani. Maharage yana lisini ya kutosha ila methionini yake ni kidogo. Makande yanaziba mapengo yote mawili kwenye sufuria moja, na waliotuachia makande hawakuwa na maabara. Kinachoharibu ni vipimo: mlima wa ugali na vijiko viwili vya maharage. Ukikuta unapungukiwa gramu 20 au 30, mayai mawili na glasi mbili za maziwa zinamaliza kazi. Kama hupati muda wa kupika, unga wa kawaida wa protini bado ni nafuu kuliko asidi amino tupu.

Asidi amino zenyewe, aina ya EAA yenye zote 9, zina nafasi kwa watu wachache: mzee aliyepoteza hamu ya kula, mtu asiyegusa nyama wala maziwa, au anayefanya mazoezi alfajiri na tumbo halipokei chakula. Kipimo ni gramu 6 hadi 10 kwa mara moja, na ndani yake leusini iwe gramu 2 au zaidi. Kwa mzee lenga karibu gramu 3, maana msuli wa uzeeni ni mzito wa kusikia. EAA ni chungu, usidanganywe na picha ya embe kwenye kopo. Weka maji kwanza kwenye chupa, mililita 400 hivi, ndipo umwage unga na kutikisa. Ukitanguliza unga, unaganda chini na leusini inaelea juu kama povu la sabuni, kwa kuwa haipendi maji. Na anayefunga ili kupunguza uzito ajue kwamba gramu 10 za asidi amino zina kalori zipatazo 40, hata kopo likiandika sifuri.

Malengo mengine yana majina mengine. Anayetaka damu ipite vizuri misulini wakati wa mazoezi huuziwa arginini, ambayo sehemu kubwa yake huvunjwavunjwa kwenye utumbo na ini kabla haijafika popote, na kipimo kikubwa huishia chooni kwa kuhara. Sitrulini hupita salama, kisha figo huigeuza kuwa arginini. Ni gramu 3 hadi 6 za sitrulini tupu, au 6 hadi 8 za sitrulini maleti, saa moja kabla ya mazoezi. Zote mbili hushusha presha kidogo, kwa hiyo zisichanganywe na dawa za nitrati za moyo wala dawa za nguvu za kiume. Aliyepata shambulio la moyo akae mbali na arginini kabisa: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulisimamishwa baada ya wagonjwa 6 wa kundi la arginini kufariki, na hakuna aliyefariki kwenye kundi jingine.

Beta-alanini ni ya kazi kali ya dakika 1 hadi 4: mita 400, mita 800, raundi za ndondi. Haimsaidii sana mkimbiaji wa marathoni. Haifanyi kazi siku hiyohiyo. Inataka gramu 3.2 au zaidi kila siku kwa wiki 4 au zaidi, hadi ijae msulini. Ukiimeza yote kwa mkupuo, uso na mikono vitakuwasha na kuchomachoma kama umepitiwa na siafu. Hakuna hatari, ila wengi huogopa na kutupa kopo. Igawe gramu 0.8 mara 4 kwa siku.

Glutamini kwa mtu mzima mwenye afya haiongezi msuli. Kanitini haichomi kitambi. Kreatini, ambayo mwili huitengeneza kutokana na arginini, glisini na methionini, ina ushahidi mzito kuliko zote hizi kwa nguvu za msuli: gramu 3 hadi 5 kila siku, wakati wowote. Mwambie daktari unaitumia kabla ya kupima figo, kwani inaweza kupandisha kreatinini, kemikali inayopimwa kujua hali ya figo, kwenye majibu.

Kwa usingizi, glisini gramu 3 kabla ya kulala ni jaribio la upole, ingawa tafiti zake ni ndogo. Triptofani isiguswe na anayetumia dawa za sonona, kwa sababu serotonini, kemikali ya ubongo, inaweza kupanda hadi kiwango cha hatari. Ndiyo hiyo pia iliyowafanya watu zaidi ya 1,500 waugue Marekani kuanzia mwaka 1989, kwa uchafu ulioingia kiwandani.

Sasa lebo. Ukiona "mchanganyiko maalumu" wenye jumla ya gramu tu bila kipimo cha kila kimoja, rudisha. Kwenye unga wa protini, tafuta glisini na taurini kati ya viungo vya mwanzo, na ukizikuta ni dalili mbaya: kipimo cha kawaida cha maabara hupima naitrojeni, siyo protini yenyewe, na hizo mbili ni naitrojeni ya bei rahisi. Kapsuli nazo zihesabu. Ikibeba miligramu 500, gramu 6 za sitrulini ni kapsuli 12. Anayejali halali aulize vitu viwili: ganda la kapsuli limetokana na jelatini ya mnyama gani, na asidi amino zimetoka wapi, maana nyingine hutolewa kwenye manyoya ya ndege badala ya kuchachushwa kutokana na mimea. Mwanariadha anayepimwa dawa zilizokatazwa michezoni achukue tu yenye nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, yaani iliyokaguliwa kwa dawa hizo. Kikikutwa kitu mwilini mwake, hakuna kisingizio cha kopo.

Mwenye ugonjwa wa figo au ini, mjamzito, na anayetumia levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, waanze kwa daktari. Levodopa na asidi amino hugombania njia ileile ya kufyonzwa, na dawa inaweza kushindwa.

Ukishachagua, tumia kimoja tu kwa wiki 8. Pima kwa mizani ya jikoni, kwa sababu kijiko cha kopo hubeba pungufu au zaidi kulingana na unga ulivyoshindiliwa. Na kama unaishi Dar, Tanga au Mombasa, usiweke kopo juu ya friji wala karibu na jiko. Unyevu wa pwani huugeuza unga kuwa jiwe ndani ya wiki chache. Acha kile kifuko kidogo cha kukausha humohumo, ingiza kijiko kikavu, funga papo hapo. Ulioukoroga kwenye maji unywe siku hiyohiyo.