Kompyuta inayosubiri F1 haitibiwi kwa kufomati

Swali: Nina kompyuta ya mezani yenye umri wa zaidi ya miaka 10. Inahifadhi mafaili ya ofisi ikiwa peke yake chumbani, bila skrini wala kibodi. Umeme ukikatika na kurudi, haiwaki mpaka mtu aende kubonyeza kitufe, na ikiwaka hukwama kwenye maandishi yanayotaka F1 ibonyezwe, huku tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka mingi. Fundi anasema Windows imeharibika, niifomati, yaani nifute diski yote na kuweka Windows upya. Je, nikubali?

Jibu: Usikubali. Maandishi hayo hutolewa na Bayosi, programu iliyomo kwenye ubao mama (ubao mkuu ulio ndani ya kompyuta), ambayo hufanya kazi yake kabla Windows haijaanza kusomwa kutoka kwenye diski. Tarehe uliyoitaja inaonyesha chanzo: betri ya saa, ile bapa ya mviringo iitwayo CR2032, yenye volti 3, imekwisha. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya Bayosi kompyuta inapokosa umeme kabisa. Ikifa, kila umeme unapokatika mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani, na Bayosi husimama ikingoja mtu aikague.

Chomoa waya wa umeme, weka betri mpya ikae kama ilivyokaa ya zamani, kisha ingia kwenye Bayosi urekebishe tarehe. Humo humo, tafuta kipengele kinachoamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi, ukiweke kwenye kuwaka. Na kile kinachoamua isimame kwa hitilafu zipi, kiweke isimame kwa zote isipokuwa ya kibodi. Mafundi wengine huamuru Bayosi ipuuze hitilafu zote, na kwa njia hiyo feni inayopoza prosesa, chipu kuu ya kompyuta, ikisimama, hakuna atakayeonywa. Zaidi ya hayo, bila betri mpya hata amri hiyo itafutika umeme ukikatika tena.

Kinachonisikitisha ni kwamba ushauri huu wa kufomati nakutana nao karibu kila wiki, na unaaminika kwa sababu mara nyingine huonekana kufaulu. Bayosi inaposahau mipangilio, inaweza kusahau pia namna diski ilivyokuwa ikiendeshwa, kwa mfano ikaacha namna iitwayo AHCI na kurudi kwenye ile ya zamani iitwayo IDE. Windows iliyozoea namna ya kwanza hushindwa kuipata diski yake, na skrini ya buluu hutokea. Fundi wa kufomati hufuta kila kitu na kuweka Windows mpya, nayo inakubali kwa kuwa imewekwa chini ya namna mpya. Mteja hulipa na kushukuru, ilhali kurudisha kipengele kimoja kungetosha na mafaili yake yote yangebaki salama. Betri iliyokufa bado imo ndani, kwa hiyo umeme ukikatika tena, maandishi yaleyale yatarudi, na safari hii mafaili hayapo tena. Hata intaneti itasumbua, kwa kuwa tovuti nyingi hukataliwa na kivinjari saa ya kompyuta inapokuwa nyuma kwa miaka.

Wapo pia wanaokimbilia kuandika Bayosi upya. Kwenye ubao mama wa zamani, umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao wenyewe unaweza usiwake tena, na kwenu umeme hukatika.

Ikiwa maandishi yatabaki hata baada ya betri mpya, yasome yote kabla ya kubonyeza chochote. Yakitaja feni, shughulikia feni. Yakionya kwamba diski inakaribia kuharibika, nakili mafaili kwanza, kabla ya jaribio lolote lingine. Na yeyote atakayekwambia ufomati, mtake akuonyeshe kwenye skrini ni hatua ipi kompyuta inakwama. Kama ni kabla ya Windows kuanza, usimruhusu aiguse diski yako.